Mwacheni Alale: Juu ya Kumfuga Pono wa Mchangani Nyumbani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa diko, ndugu zangu wapiga mbizi, dada zangu mnaopokea na kufungasha samaki, na ninyi nyote mliokwisha kuweka tangi la maji ya chumvi sebuleni, asalaam aleikum na habari za jioni.

Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya samaki wa mapambo kwa jumla. Nimemwomba Mwenyekiti aniruhusu nipunguze, kwa sababu mtu anayezungumza juu ya samaki wote kwa saa moja hammalizi hata mmoja, na kwa sababu yuko samaki ambaye kila nikimfikiria naona ana madai juu yetu sote tuliomo humu ukumbini, kuanzia anayemkamata mpaka anayemnunua. Ni samaki mdogo, hazidi sentimita 13, na usiku hulala ndani ya mchanga.

Ninyi watu wa Pwani mnaijua kauli ya usingizi wa pono. Mtu akilala hata adhana ya alfajiri isimwamshe, huambiwa ana usingizi wa pono, nami nadhani walioitoa kauli hiyo ni wavuvi waliotembea mwambani usiku na taa zao, wakamkuta pono amejibanza katika pango la tumbawe, hajitambui, wakamchukua kama mtu aokotavyo embe lililoanguka. Samaki wangu wa leo ni wa ukoo huo huo. Zamani wataalamu waliwatenga pono wenye mdomo wa kasuku na jamaa zao hawa wembamba, lakini siku hizi wengi wao huwahesabu kuwa nyumba moja. Katika biashara ya nje hupewa jina la chui kwa ajili ya madoa yake, nami jioni hii nitamwita pono-chui, ili tusiwe tunabadili lugha kila baada ya sentensi mbili.

Jina lake la kitaalamu ni Macropharyngodon bipartitus, na aliyempa jina hilo mwaka 1957 ni J.L.B. Smith wa Afrika Kusini, yule yule aliyempa silikanti, samaki wa kale, jina lake mwaka 1939. Jike ana rangi ya machungwa mgongoni na weusi tumboni, na juu ya rangi hizo yametawanyika madoa meupe. Dume ana michirizi ya kijani na buluu iliyojipinda kama maandishi ya mtu mwenye haraka. Wote huanza maisha wakiwa majike, na aliye mkubwa miongoni mwao, kundi likikosa dume, ndiye anayegeuka kuwa dume. Si mgeni kwetu. Anaishi katika miamba ya Kenya na Tanzania, na vilevile Shelisheli, Morisi na Maldivi, na anaye binamu yake wa karibu sana katika Bahari ya Shamu. Mpiga mbizi atamkuta pale tumbawe linapokutana na mchanga na vifusi vya matumbawe yaliyokufa, akidonoa, akisogea, akidonoa tena, kutwa nzima bila kupumzika.

Hilo la kudonoa lishikeni vizuri, kwa maana ndilo linalomuua. Sehemu ya kwanza ya jina lake la kitaalamu inataja meno makubwa ya kooni, na kweli anayo, mapana kama magego, ambayo huyatumia kuvunjia konokono wadogo kuliko punje ya mtama pamoja na vijidudu vya foraminifera vyenye magamba ya chokaa. Chakula cha namna hiyo kina magamba mengi na nyama kidogo, kwa hiyo hawezi kula mlo mmoja mkubwa akashiba mpaka kesho kama chewa anavyofanya. Maisha yake ni ya kibarua anayelipwa kwa siku. Siku asipodonoa, akiba yake huanza kuliwa, na akiba yenyewe ni ndogo.

Wanunuzi wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba samaki huyu ni dhaifu, kwamba hufika akiwa hai na baada ya wiki moja au mbili hufa bila sababu inayoonekana. Mimi sikubaliani na neno dhaifu. Samaki anayevumilia mawimbi ya kusi juu ya mwamba wetu, miezi nenda miezi rudi, si dhaifu. Udhaifu huo amevishwa njiani, na aliyemvisha ni sisi, kwa kumnyima kitanda na kumnyima chakula katika siku zile tano au sita ambazo yuko mikononi mwetu. Yule mnunuzi wa mwisho, hata awe hodari namna gani, mara nyingi hukabidhiwa samaki ambaye hesabu yake imekwisha kufungwa.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeshiriki. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika nyumba moja ya kuhifadhia samaki, ambayo haina haja ya kutajwa, na kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupita kwenye mabeseni na kuondoa waliokufa. Mabeseni yale yalikuwa safi, meupe, yasiyo na kitu chini, na mwenye kampuni alijivunia usafi huo, kwa sababu tangi lisilo na mchanga huoshwa kwa dakika tano. Kila ilipofika saa kumi na mbili jioni, pono-chui waliomo walianza kuinamisha vichwa na kujirusha chini. Walikuwa wakitafuta mchanga. Walipiga plastiki kwa midomo, wakarudi juu, wakapiga tena, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba hapo hapachimbiki, waliendelea mpaka giza likawalaza ubavu katika pembe ya beseni. Asubuhi midomo yao ilikuwa imechubuka na myeupe, na samaki aliyeumia mdomo hadonoi. Sisi tuliandika kwenye daftari neno moja: ugonjwa.

Ingekuwa leo, ningeweka katika kila beseni trei ndogo ya plastiki, ile ya kuhifadhia chakula, iliyojazwa mchanga laini kina cha vidole vinne. Hakuna zaidi ya hapo. Trei hutolewa, mchanga huoshwa, beseni husafishwa, trei hurudishwa, na samaki ana pa kulala. Dada zangu mnaofungasha, mkimtaka asubuhi yuko katika trei hiyo hiyo. Mnainua trei polepole mkiwa mmeweka beseni dogo chini yake, mnaupepeta mchanga kwa vidole ndani ya maji, anatoka mwenyewe. Kumkimbiza na wavu katika beseni tupu kunachukua muda mrefu kuliko huo na kunamvua magamba.

Kwa ndugu zangu wapiga mbizi nina machache, maana kazi yenu mnaijua kuliko mimi. Mwakamata kwa nyavu ndogo za mkono na za kuzungushia, na hiyo ni heri kubwa ukilinganisha na sumu ya sayanaidi ambayo imeharibu miamba ya Ufilipino tangu miaka ya 1960, na baadaye ya Indonesia. Pono-chui akitishwa hapandi juu, hushuka. Huchoma mchanga kichwa mbele na kwa nukta moja juu pamekuwa laini kama hapakupita kitu. Msimchimbue kwa vidole vilivyokunjwa kama makucha. Atandikiwe wavu juu ya mahali alipoingia, kisha mchanga upepewe kwa kiganja kutoka pembeni, naye atatoka na kuingia wavuni akiwa mzima. Aliyekamatwa kwenye kina apandishwe kwa vituo, kwa kuwa kibofu chake cha hewa hutanuka kila anapokaribia juu, na aliyepandishwa kwa pupa huvimba na kuelea. Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia na maji yanapokuwa meupe, ndio wakati wa kumtafuta. Wakati wa kusi hasara ya kumkosa na ya kumuumiza ni kubwa kuliko bei yake. Nanyi mnajua pasipoguswa: hifadhi za Malindi na Watamu zimewekwa tangu mwaka 1968, na zile zilizofuata baadaye, Kisite na Mombasa, nazo ni vivyo hivyo. Mvuvi asiye na leseni naye asinilaumu akikamatwa yeye badala ya samaki.

Sasa nije kwenye mfuko wa plastiki, ambao ningependa tuutazame kwa makini, kwa sababu humo mna mambo ambayo macho hayaoni. Desturi ya biashara ni kumfungisha samaki siku moja au mbili kabla ya safari ili asichafue maji. Kwa changu au chewa desturi hiyo haina neno. Kwa kibarua wetu wa kudonoa, saa 48 za kufunga, kisha saa 30 au 40 za ndege na forodha, kisha siku mbili katika duka ambalo halijui anakula nini, ni njaa ya karibu wiki nzima, na juu yake hofu. Ningeshauri afungishwe nusu siku tu, awekewe maji mengi zaidi kidogo kwa gharama ya mzigo, na mfuko ufungwe kwa gazeti ili pawe giza, kwani gizani huwa ametulia. Mchanga ndani ya mfuko siuungi mkono, ingawa najua wapo wanaoutia. Mfuko unaporushwa kwenye lori, mchanga humgonga na kumsaga.

Halafu kuna kemia. Samaki aliye mfukoni hupumua, pumzi yake hujaza maji hewa ya ukaa, na maji yenye hewa hiyo kwa wingi huwa na uchachu. Wakati huo huo matamvua yake yanatoa amonia, yaani taka ya mwili wake, lakini katika maji yenye uchachu sehemu kubwa ya amonia hubaki katika hali isiyodhuru sana, na ndiyo maana anafika yu hai. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya ukaa hutoroka, uchachu huondoka, na amonia ile ile hugeuka sumu kali kwa muda mfupi. Kwa hiyo yule mwenye tangi mwenye huruma, anayefungua mfuko uliosafiri siku mbili na kuanza kumdondoshea samaki maji tone kwa tone kwa muda wa saa mbili, kama vitabu vya zamani vilivyofundisha, anamwogesha mgeni wake katika sumu kwa nia njema kabisa. Afadhali mfuko uelee ukiwa umefungwa kwa dakika 15 au 20 mpaka joto lilingane, na maji ya karantini, yaani ya tangi dogo la kumtenga mgeni, yawe yametengenezwa mapema yakiwa na chumvi inayolingana na ile ambayo msafirishaji amesema ameitumia. Kisha ufunguliwe, samaki atolewe kwa kikombe, aingie. Maji ya mfukoni yamwagwe. Aliyemnunua Kilifi akamfikisha Nyali baada ya saa moja na nusu hana hofu hiyo, naye anaweza kudondosha apendavyo.

Jambo lingine la safari lilinichekesha nilipolielewa. Sisi Waswahili tunahesabu saa kwa jua, na pono-chui naye ni Mswahili. Saa kumi na mbili ya jioni ya Mombasa ndiyo saa yake ya kulala, na saa hiyo anaibeba mwilini. Akifika New York wakati wa kiangazi chao, jua letu linapotua wao wako saa tano ya asubuhi, kwa hiyo mwenyeji anawasha taa, anaandaa chakula, anavuta kiti, na mgeni anazama mchangani mbele ya macho yake. Usiku wa manane wote wamelala, mgeni anatoka, anazunguka gizani na hakuna cha kula. Humchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kuhamisha saa yake. Mnunuzi asiyejua hilo hudhani samaki amekufa humo mchangani, na hapo ndipo mkono unapoingia.

Mkono wangu uliingia pia, bila hata kisingizio cha New York. Pono-chui wangu wa kwanza nilimpata hapa hapa, nikamweka katika tangi langu saa nne ya asubuhi, akazama. Siku ya pili hakuonekana. Siku ya tatu mke wangu aliniuliza kama nimenunua samaki au nimenunua mchanga. Siku ya nne sikuvumilia, nikakunja mkono wa shati, nikachimba kona aliyoingilia, na nikamtoa. Alikuwa mzima, mwenye rangi kamili, na macho yake yaliniangalia kwa namna ambayo mpaka leo siipendi kuikumbuka. Alikimbia akagonga kioo, akazama kona nyingine, na siku ya sita alitoka akiwa anapumua kwa kasi akafa kabla ya adhuhuri. Wa pili nilimwacha. Alikaa chini siku tisa. Siku ya kumi, nilipokuwa natafuta miwani yangu, nilimwona amesimama mbele ya jiwe, anageuza jicho moja kisha la pili, kama mpangaji anayekagua chumba. Huyo nimekaa naye mwaka wa nne sasa.

Ndipo nasema kwa mwenye tangi: ukiisha kumwingiza, usichimbe, usitie fimbo, usisogeze mawe. Endelea kuwasha na kuzima taa kwa saa zile zile, endelea kutia chakula kidogo hata kama humwoni, na mwamini. Akifa mchangani, kipimo cha amonia kitakuambia, na utumbo wa tangi lako, yaani kaa na minyoo, watakuwa wameshamaliza kazi kabla yako.

Tangi lenyewe liweje? Kwa mmoja au wawili, lita 200 au 250 ndizo ninazoziona kuwa mwanzo wa heshima, lakini ukubwa si jambo ninalotaka kulikazania. Ninakazania umri. Tangi la miezi miwili, hata liwe na lita 1,000, ni jangwa. Pono-chui anahitaji mawe yaliyokwisha kuota uhai, yenye konokono wadogo, minyoo, na vijidudu vya kopepodi vinavyotambaa usiku, na uhai huo hauji kwa pesa. Miezi sita ni kidogo. Mimi husema mwaka. Kipimo changu ni cha bure: usiku wa manane, taa zote zikiwa zimezimwa tangu jioni, angaza kioo kwa tochi. Ukiona vidoa vyeupe vinakimbia juu ya kioo kama chawa, vingi kiasi cha kukukera, tangi limeiva. Ukiona kioo kitupu, subiri. Mwenye nafasi aongeze tangi dogo la pembeni lenye mwani, lisilo na samaki, ambalo maji yake huzunguka na la juu. Humo vijidudu huzaliana bila kuliwa na kidogo kidogo humwagikia kwa mwenye njaa. Usimweke pamoja na samaki mwingine anayeishi kwa vijidudu hivyo hivyo, isipokuwa tangi ni kubwa kweli kweli, maana sufuria ni moja.

Mawe yenyewe msiyabomoe mwambani. Mwamba wetu ulipigwa vibaya na joto la mwaka 1998, matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa, na hauhitaji nyundo zetu juu ya hilo. Mawe makavu ya chokaa, yakipandikizwa kipande kimoja kutoka tangi la rafiki, huota uhai ule ule. Ni suala la subira tu.

Mchanga ndio kitanda, na kitanda hakichaguliwi kwa rangi. Punje ziwe ndogo, za milimita moja au chini yake, mviringo, za chokaa ya matumbawe, kama mchanga ule mweupe wa Diani ambao wageni huukanyaga na kuusifu. Vipande vya matumbawe vilivyosagwa vikubwa, ambavyo maduka huuza kwa sababu havipeperuki, humchuna ubavu kila jioni, na jeraha la kila jioni haliponi. Mchanga wa rangi ya kahawia wa upande wa Malindi huletwa na mto Sabaki kutoka bara, una udongo ndani yake, na tangini utakupa maji ya chai. Kina kiwe sentimita 5 kwa uchache. Wangu ni 8 nyuma na 5 mbele. Kabla ya kuumwaga mchanga, panga mawe kwanza juu ya kioo cha chini, yasimame yenyewe, kisha mchanga uyazunguke, kwa kuwa jiwe lililowekwa juu ya mchanga litachimbwa chini yake na mpangaji huyu, nalo litamwangukia. Pampu ya mawimbi isielekezwe pale alipopachagua. Atapachagua, na kwa kawaida ni mahali pale pale kila jioni. Wangu hulala chini ya ukingo wa jiwe la kushoto, na mimi nikinyonya uchafu kwa mpira naacha eneo hilo la ukubwa wa sahani.

Chakula cha mkono kinafuata. Mwanzoni atakubali kitu kinachotikisika tu, kwa hiyo artemia hai, vijidudu vya jamii ya kamba, ndiyo dawa ya siku za kwanza, ingawa lishe yake ni hafifu. Baadaye mayai ya samaki, kome waliokatwa wakawa kama unga, na kamba wadogo sana wa kugandishwa. Mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo. Nasisitiza mara, si wingi, kwani anayemtilia kijiko kizima jioni moja analisha chujio. Mtazameni nyuma ya kichwa: nyama ikijaa na mgongo ukawa wa mviringo, mambo ni mazuri, mgongo ukichongoka kama upanga, hata kama anakula mbele yako, ana njaa ya zamani au ana minyoo ya tumboni, na minyoo hutibiwa kwa dawa inayochanganywa na chakula.

Maji niyapitie upesi. Chumvi gramu 35 kwa lita, amonia na nitriti sifuri, joto nyuzi 24 mpaka 27. Hilo la joto ndilo tatizo letu, kwa kuwa wenzetu wa Ulaya hununua vipasha joto na sisi tunahangaika kupoza. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, lakini maji huvukia na chumvi hubaki, hivyo kinachopungua kijazwe kila siku kwa maji matamu yaliyochujwa, si kwa maji ya bahari. Na kwa kuwa feni haiwezi kupuliza kupitia kioo, kifuniko kiwe fremu yenye wavu wa plastiki, matundu yasiyozidi milimita 6, uliobana kila pembe, pamoja na pale pasipopita ila waya. Samaki huyu huruka. Mtu akiwasha taa ya sebule ghafla, mtoto akipiga kioo, huwa amekwisha kuwa sakafuni, na paka wa Mombasa nyote mnawajua. Umeme ukikatika, kinachohitajika kwanza ni hewa. Pampu ndogo ya betri ikae karibu na tangi, si kwenye kabati la jikoni.

Majirani wawe wapole. Kikande hapana, wala wale vijisamaki wa buluu wanaolinda kona zao kama wenye hati ya kiwanja. Aingie mapema kuliko wengine, na kama unataka wawili au watatu, nunua majike wadogo kwa pamoja. Mmoja atakua na kugeuka dume kwa wakati wake, na utakuwa umeshuhudia jambo ambalo wengi hulipa nauli ya boti kwenda kulitafuta. Dume mkubwa aliyekamatwa tayari ana rangi zake huvutia macho dukani, lakini ndiye mgumu kuzoea kuliko wote.

Na karantini, ambayo wengi huiruka. Wiki nne mpaka sita, katika tangi dogo lenye trei ile ile niliyoisema, kwa maana mateso ya beseni tupu hayawi karantini kwa kubadilishwa jina. Tahadhari moja kubwa ni shaba. Dawa ya shaba huua vimelea vya ngozi, lakini pono-chui huivumilia kwa taabu, na mchanga wa chokaa huinyonya shaba hiyo, hivyo leo kipimo kinasoma pungufu, unaongeza, kesho umezidisha. Anayelazimika kuitumia aweke katika trei mchanga wa silika, usio wa chokaa, uliochekechwa vizuri, apime kila siku, na asiurudishe kamwe mchanga huo wala trei hiyo katika tangi kubwa, kwa sababu konokono na kamba watakufa wote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitasema jambo la mwisho kwa wanunuzi: asiyekuwa na tangi la mwaka mmoja, asiyeweza kulisha mara nne kwa siku wala kumwachia mtu kazi hiyo, asimnunue. Wako samaki wengine wazuri mia moja katika mwamba wetu, wapo wasiojali mchanga, na hakuna aibu kuanza na hao. Na kwa wenye nyumba za kuhifadhia nina ombi la kaskazi inayokuja: beseni moja tu kati ya yote litiwe trei ya mchanga, na mabeseni mengine yabaki kama yalivyo. Andikeni katika daftari, beseni kwa beseni, wangapi waliingia na wangapi walitoka wakiwa hai na midomo mizima, kisha tukutane hapa kabla ya masika mtusomee.

Trei nne nimezileta, ziko juu ya meza ya mlangoni karibu na birika la kahawa. Mchanga wake nimeuosha mara sita, hauna vumbi. Anayezihitaji azichukue. Asanteni kwa kunisikiliza.